Programu Isiyomuuliza Sultani

Palikuwa na Sultani, jina lake Mahfudhi, mwenye makarani mia mbili na kompyuta mia mbili. Msiniulize nimejuaje. Nilikuwapo barazani, nimeegemea nguzo, na yote haya niliyaona kwa macho haya haya, ambayo hata daktari aliyasifu.

Siku moja mtu alifungua barua pepe, kompyuta zote zikafa. Barua nayo ikafa nazo. Hakuna aliyeisoma ila huyo aliyeifungua, na huyo hakujitokeza. Sultani akamtia pingu Faki, mwangalizi wa mashine.

"Aliyefungua ni huyu. Ijumaa anapelekwa Kisiwa cha Popo, na harudi."

Kisha akatangaza kuwa inatafutwa programu mpya ya kuzuia virusi. Izuie kila kirusi, isicheleweshe kazi, na kamwe isimuulize yeye, "Una uhakika?"

"Sultani," akasema, "haulizwi."

Wafanyabiashara wakaja. Wa kwanza akaapa kwamba yake hukamata hata virusi ambavyo havijazaliwa.

"Inauliza?"

"Kidogo tu, bwana wangu."

"Toka!"

Ya mfanyabiashara wa pili haikuuliza kitu. Haikuzuia kitu pia. Naye akatolewa, ingawa kwa heshima zaidi.

Alhamisi akaingia Mize, mke wa Faki, muuza vitumbua, mwanamke mwenye ulimi ambao hata mimi, niliyezoea kugombana na mahakimu, nimewahi kuukimbia.

"Nimekuja kukuchagulia programu, bwana wangu."

"Muuza vitumbua anajua nini habari za virusi?"

"Najua inzi. Vitumbua vyangu navifunika kwa kawa, kawa nzuri ya ukindu. Inzi haingii mpaka mtu aifunue."

"Na mumeo ndiye aliyefunua!"

"Kama ni yeye, mpeleke hata leo, nipumue. Mjinga yule! Eti barua imwahidi mbuzi wawili, naye akimbilie kuifungua."

"Mbuzi?" Sultani akacheka mpaka kilemba kikayumba. "Nani ahangaike kwa mbuzi, we mwanamke? Farasi! Farasi saba weupe, na matandiko ya hariri!"

Waziri akaanza kuchunguza dari kana kwamba anataka kuinunua.

"Weupe?" akauliza Mize.

"Weupe pe," akasema Sultani, safari hii kwa sauti ya chini.

"Faki hakunitajia rangi."

"Nimesikia tu. Watu wanasema."

"Watu gani, bwana wangu? Barua imekufa, na aliyeisoma ni mmoja."

Sultani akaomba maji. Akanywa. Akaomba mengine.

"Mize."

"Labeka, bwana wangu."

"Unataka nini?"

"Mimi? Sina ninalotaka. Hukumu si yangu, ni yako. Umesema aliyefungua anakwenda Kisiwa cha Popo kesho. Naulizia nguo za safari tu. Nikamkunjie mume wangu, au zako zinakunjwa huku huku?"

Sultani akamtazama waziri. Waziri alikuwa bado na dari yake.

"Mtoeni Faki pingu," akasema Sultani. "Nimechunguza upya. Ilijifungua yenyewe."

Mize akamshika mumewe mkono, wakaelekea mlangoni bila kuaga sana. Sultani, ambaye kompyuta zake bado hazikuwa na kinga yoyote, akamwita.

"Na programu je? Nichukue ipi?"

"Inayouliza, bwana wangu. Na kama ipo inayouliza mara mbili, chukua hiyo."

Haya yote ni kweli tupu, ila hao farasi nimewatia mimi. Barua yenyewe iliahidi dawa ya kuotesha nywele, lakini Sultani yu hai, na mimi bado nakaa mjini kwake.