Maua Yaliyovuka Ukuta

Ndugu zangu, sogeeni huku mbele, nafasi zipo. Kulikuwa na mstaafu mmoja wa bandarini. Alijenga nyumba yake huku huku pwani, akapanda mti wa maua mekundu karibu na ukuta. Alitamani kitu kimoja tu: akae barazani, atazame ndege na vipepeo mpaka Mola amchukue.

Mwaka wa tano mti ukachanua. Lakini wapi? Matawi yalifuata jua. Upande wake majani matupu, maua yote yameinamia uani kwa jirani, mama mmoja mjane. Chozi, wale ndege wadogo wa shingo za kung'aa, wote kule. Vipepeo wote kule. Yeye anasikia kelele zao tu.

Raha ikamtoka. Anakaa, anainuka. Anazunguka ua, anarudi. Anaswali Alasiri, sikio liko ukutani. Mkewe akamwambia, "Baba Mwanaidi, si uende tu kwa jirani ukawatazame?"

"Niende kwa watu kutazama kilicho changu?"

Mnaijua hali hiyo? Msiniangalie mimi.

Asubuhi moja akaegemeza ngazi, akapanda na panga, akakata kila tawi lililovuka. Vipepeo wakatawanyika. Akashuka anatweta, akakaa barazani kuingoja raha yake. Haikuja.

Mara, hodi! Ni yule mjane, kashika kanga yake kifuani.

"Kaka, kulikoni? Mti umeingiwa na ugonjwa?"

"Hapana. Nimeupunguza tu."

"Alhamdulillahi! Maana mizizi yake imetokea uani kwangu, na kiangazi chote hiki naumwagia maji ninayooshea mchele. Nimekuja kuuliza, niendelee?"

Yule mstaafu akaketi pale pale kizingitini, mikono bado inanata utomvu.

Ni wangapi kati yetu tunaoketi hapo? Mwenzako kajaaliwa mtoto, wewe hulali. Duka lake lina wateja, wewe unasema kachukua riziki yako. Unajua ni dua ya nani iliyokufikisha hapo ulipo? Huenda ni ya huyo huyo unayemchukia.

Sasa kila mmoja amtaje moyoni jirani yule anayemkosesha usingizi, amwombee heri. Si kesho, si tukifika nyumbani. Inueni mikono.