Aliyehamisha Vyungu vya Nyanya

Umdhaniaye ndiye, siye. Methali hii hutuonya tusimnyooshee mtu kidole kwa sababu tu sura yake ni kali, au kwa sababu nyayo zake zimeonekana mahali tusipozitarajia. Shaka ikishaingia moyoni hujenga nyumba humo, na hata wema ukibisha hodi, hudhaniwa kuwa mwizi.

Katika chuo kimoja cha kilimo alisoma msichana aliyeitwa Kitinda, kwa kuwa alikuwa kitinda mimba wa mama yake. Ada yake ililipwa na kaka yake, mchomea vyuma, ambaye macho yake yalikuwa mekundu daima kwa sababu ya cheche. Kaka huyo alikuwa ameahirisha kuoa mpaka dada yake amalize masomo. Majirani walipomuuliza ataoa lini, alicheka na kusema, "Kwa sasa nimeoa chuo, na mahari bado haijaisha."

Mwaka huo ulikuwa wa mwisho kwa Kitinda. Kila mwanafunzi wa darasa lake alipaswa kuotesha miche ya nyanya kwenye vyungu, ndani ya banda la plastiki lililokuwa nyuma ya maabara. Kila chungu kilitiwa mbolea yake na kuandikwa jina la mbolea hiyo, na mwishoni mwanafunzi alitakiwa kueleza ni mbolea ipi iliyokuza mche vizuri zaidi. Jaribio likiharibika, mwaka ulirudiwa. Mwaka ukirudiwa, ada ililipwa upya, na Kitinda alijua kwamba kaka yake hakuwa na uwezo wa kuilipa tena.

Miche ikiwa bado michanga, wahadhiri wakagoma. Mishahara yao ilikuwa imecheleweshwa muda mrefu, nao wakaapa kwamba hakuna atakayevuka lango mpaka walipwe. Kila siku walikaa nje ya lango chini ya turubai, wakiwa na mabango na chupa za chai. Madarasa yalifungwa, lakini ofisi ya uhasibu ilibaki wazi. Tena tangazo likabandikwa kwamba siku ya kukabidhi majaribio haitabadilika.

"Wao wamegoma, sisi tunalipishwa," alinung'unika Wakili, kijana aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuwahi kukosa neno. "Mimi nanusa kitu hapa. Tukifeli tunalipa tena, sivyo? Sasa jiulize, nani anafaidika?"

"Wewe kila kitu unanusa," Kitinda alimjibu.

Hata hivyo, maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Asubuhi moja alipoingia bandani, alikuta vyungu vyake vimehamishwa. Kilichokuwa karibu na mlango kilikuwa nyuma kabisa, na cha nyuma kilikuwa mlangoni. Kesho yake alikuta vimehamishwa tena, na baadhi ya majani yamechumwa. Vyungu vya Wakili na vya wenzao wengine vilikuwa vivyo hivyo. Katika kuhangaika kwake, Kitinda hakutambua kwamba ndoo ya maji, ambayo wao waliiacha tupu kila jioni, aliikuta imejaa kila asubuhi.

Alimwendea bawabu wa chuo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nani anaingia bandani asubuhi?"

Bawabu alikitazama kiatu chake. "Nimeombwa nisiseme."

"Umeombwa na nani?"

"Sasa nikikwambia aliyeniomba, si nitakuwa nimesema?"

Lakini macho ya mzee yule yalishateleza hadi kwenye turubai, yakamwangukia Mama Rula. Huyo ndiye mhadhiri aliyewafundisha kuotesha miche. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkavu wa maneno, aliyepima kila kitu kwa rula na kurudisha kazi kwa kosa dogo kama punje ya mtama. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kusimulia tabasamu lake.

"Si nilikwambia?" Wakili alisema alipopewa habari. "Mchana anakaa na mabango, asubuhi anavuruga vyungu ili majaribio yetu yaharibike. Huyo katumwa."

Siku hiyo hiyo wanafunzi walinunua kufuli jipya na kulifunga banda, ufunguo akatunza Kitinda. Waliingia jioni tu, wakamwagilia na kutoka upesi. Vyungu havikuhama tena, nao wakapongezana. Lakini siku zilivyopita, miche ya mlangoni ilineemeka, na ile ya nyuma ikapinda shingo kama watu wanaochungulia sherehe wasiyoalikwa. Chini ya majani wakajaa inzi weupe.

"Alishatia sumu kabla hatujafunga," alisema Wakili. Kwa mtu mwenye shaka, kila kitu ni ushahidi.

Kitinda alimfikiria kaka yake, akashindwa kuvumilia. Alitoka hadi nje ya lango, akasimama mbele ya turubai, Wakili akiwa nyuma yake.

"Mwalimu, kwa nini unatuharibia majaribio yetu?" aliuliza, bila hata salamu. "Tunajua ulikuwa unaingia bandani kila asubuhi na kuhamisha vyungu."

Mwenyekiti wa mgomo aliweka kikombe chake chini.

"Ni kweli unaingia?" alimuuliza Mama Rula.

"Nilikuwa naingia, mpaka walipofunga."

Mhadhiri mmoja aliyekuwa ameketi karibu naye alivuta kiti chake, akasogea pembeni. Mama Rula aliona. Kisha akamgeukia Kitinda.

"Upande wa mlangoni una jua zaidi. Chungu kisipohamishwa, mche wa mlangoni utashinda hata kama mbolea yake ni hafifu, nawe utaisifu mbolea kumbe ni jua. Majani niliyochuma yalikuwa na mayai ya inzi. Hilo lilikuwa somo letu lililofuata. Mgomo ukaanza kabla sijalifundisha."

Kitinda aliuliza, "Mbona hukutuambia, mwalimu?"

"Mngenishukuru mbele za watu, na wenzangu wangejua." Akamtazama mwenyekiti. "Nimevunja ahadi yetu, sikatai. Hata mimi mshahara sijaona, na mgomo huu ni wangu pia. Lakini miche haijui kwamba tumegoma."

"Nisamehe, mwalimu," Kitinda alisema kwa sauti ya chini.

"Unaomba msamaha huku inzi wanakula. Nenda kafungue."

Mwenyekiti alikohoa. "Bandani haendi mhadhiri yeyote," alisema kwa ukali. Kisha akakiokota kikombe chake, akaongeza taratibu, "Ila hapa ni barabarani. Barabarani kila mtu husema atakalo."

Basi Mama Rula alifundisha akiwa amekaa pale pale kwenye kiti chake, na wanafunzi wakawa wanakimbia kati ya lango na banda, wakipeleka maelekezo na kurudi na maswali. Walihamisha vyungu kila siku, wakachuma majani mabaya, wakaosha mengine kwa maji ya sabuni. Kitinda hakuficha kitu katika ripoti yake. Aliandika kwamba kwa siku kadhaa vyungu havikuhamishwa, na kwamba kosa lilikuwa la wanafunzi wenyewe. Msahihishaji aliyetoka nje ya chuo alimpunguzia alama kwa hilo, lakini alifaulu, na mwaka haukurudiwa.

Mgomo ulikwisha, madarasa yakafunguliwa. Hata hivyo, katika chumba cha chai cha wahadhiri, Mama Rula aliketi kwenye meza yake peke yake, kwani baadhi ya wenzake hawakumsamehe upesi. Siku moja Kitinda na Wakili walibisha hodi chumbani humo, jambo ambalo wanafunzi hawakulizoea.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Kitinda, kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Tulikuonea. Wenzako wamekususa kwa sababu ya mdomo wetu. Tunaomba kukaa na wewe."

Wakili alifungua kinywa kuongeza neno, neno likakataa kutoka. Mwenyekiti wa mgomo aliwatazama, akanyanyuka na chupa ya chai, akaja kuketi nao. Akajaza kikombe cha Mama Rula kabla ya chake.

Naam, umdhaniaye ndiye, siye.