Mbuzi wa Bi Nuru na Kabichi za Bi Mwantumu

Inua jani kabla hujainua panga. Mmenisikia nikisema hivyo, mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa kwetu Usambara, na mbuzi aliyekufa alikuwa wa mama yangu.

Mama yangu, Bi Nuru, alipakana shamba na Bi Mwantumu, mjane aliyelima kabichi. Mwaka ule mvua ilinyesha bila kupumzika. Asubuhi tatu mfululizo Bi Mwantumu alikuta miche yake imetafunwa, mingine imebaki vikonyo vitupu. Siku ya tatu hakuinama kutazama kitu. Alichukua panga, akaja kwetu.

"Nuru! Toka nje! Mbuzi wako amenimaliza!"

Mama alitoka na unga mikononi. "Dada, mbuzi huyu hajafunguliwa tangu juzi. Twende shambani. Ukiona alama ya kwato hata moja, nitakulipa."

"Kwato za nini? Nani mwingine ana mbuzi hapa?"

"Umeinua hata jani moja ukaona kuna nini chini yake?"

Bi Mwantumu alimpita na panga lake. Alikwenda nyuma ya jiko na kumkata mbuzi shingoni, akiwa bado amefungwa kamba. Mbuzi yule alikuwa na mimba kubwa. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na ile sauti naisikia mpaka leo.

Mama hakulia. Alimshika Bi Mwantumu mkono, akamvuta hadi kwenye tuta lake, panga likidondosha damu njia nzima. Akainua jani la chini la kabichi.

Walikuwa koa, wale konokono wasio na gamba, wanene, wameng'ang'ania jani, na ute wao ukimetameta. Akafunua nyasi mbichi alizotandaza Bi Mwantumu kuzunguka miche. Koa tele.

"Hawa ndio mbuzi wangu," mama alisema. "Haya, wakate."

Bi Mwantumu alikaa chini kwenye matope.

"Nisamehe, Nuru."

"Sikusamehe. Ondoa nyasi hizi zote mashinani."

Wiki ile nzima mama alikwenda kule akiwa amenuna, akamwonyesha kazi. Walilaza vipande vya mgomba kati ya matuta. Kila asubuhi walivigeuza, wakawaokota koa waliojificha chini yake, wakawatia ndooni na kuwapelekea bata. Walizungushia miche majivu makavu, wakayarudia kila mvua ilipoyaosha. Miche mipya ilipona.

Siku moja Bi Mwantumu aliuliza, "Kama hujanisamehe, mbona unanifundisha?"

"Wakikumaliza wewe, watahamia kwangu."

Baadaye Bi Mwantumu alituletea mbuzi jike mchanga. Mama alimpokea, akamfunga palepale nyuma ya jiko, wala hakusema asante. Walisalimiana mpaka uzeeni, lakini mama hakuwahi tena kumwita dada.

Mnanitazama kana kwamba mlitegemea niseme walikumbatiana. Hawakukumbatiana. Mbuzi yule aliyekatwa alikuwa na wana wawili tumboni. Niliwaona kwa macho yangu walipomchuna. Kwa hiyo leo nikiona mtu anakuja mbio na hasira zake, hajauliza, hajatazama, damu yangu huchemka nami humwambia alichoambiwa Bi Mwantumu akakataa kusikia: inua jani kabla hujainua panga.