Ukoko wa Harusi ya Riziki

Hapo zamani, si zamani ya majini, zamani ya juzi tu ya mikanda ya video, watoto wa nyumba hii waliangalia sinema ya Kijapani. Mle ndani mna kijana anakodoa macho, kikombe kinapaa. Siwatu, miaka kumi na tano, akasema, "Hata mimi naweza." Tukamcheka. Akaikodolea kata ya maji. Kata ikapaa, ikammwagikia babu yenu kichwani.

Lakini nguvu zile na vituko vyake. Zinakuja akibanwa na mkojo tu. Akishakojoa, hata unyoya hainui.

Ikaja harusi ya dada yake, Riziki. Mchumba wa kwanza Riziki alishamkosa, maana wageni walirudi na njaa, posa ikafa. Safari hii mama wa bwana harusi, Bi Tunu, kasema mapema: "Watu wangu wasiposhiba, bibi harusi wenu nawaachia hapo hapo."

Pilau akapika shangazi yao, Mwanamkuu, huko uani. Sufuria moja kubwa, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Mdogo wao Chausiku alikuwa anakwepa kumenya vitunguu thaumu, kajifungia chooni tangu asubuhi. Siwatu anagonga.

"Chausiku, toka, nimebanwa."

"Tumbo linaniuma, dada."

"Tumbo gani linaimba taarabu?"

Hatoki.

Sasa Bi Tunu ndio anaingia uani na watu wake, figa moja likateleza. Sufuria ikalala upande, wali unataka kumwagika. Siwatu akabana mapaja, akakodoa macho. Sufuria ikasimama hewani. Bi Tunu akakaa chini bila kiti. Mwanamkuu hakungoja koleo, akaingiza mikono kwenye makaa, akarudisha figa, viganja vikaungua.

"Shusha, mwanangu."

Siwatu akashusha sufuria. Na mkojo nao ukashuka, mbele ya wakwe, gauni jipya chapachapa.

Watu wakala, wakashiba. Bi Tunu akacheua, akasema, "Haya, mke tunamchukua."

Ukabaki ukoko. Na nyumba hii ukoko wa harusi haugawanywi. Bibi harusi anampa mmoja, aliyeokoa karamu, kabla hajavuka kizingiti. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Siwatu akasema, "Ni wangu. Nimeishika sufuria kwa macho, na nimejikojolea mbele ya ukoo mzima. Nani ataniposa mimi?"

Mwanamkuu akasema, "Kushika umeshika. Ungeishika mpaka Idi? Figa nimerudisha mimi, na mikono hii hapa, kama mihogo ya kuchoma. Tena pilau lenyewe nani kapika?"

Chausiku akasema, "Mimi."

"Wewe umepika?"

"Sijapika, shangazi. Ila ningemfungulia mlango asubuhi, angekojoa, na nguvu zingekwisha. Mngekula mchanga."

"Ulikuwa unakimbia vitunguu wewe."

"Nilikimbia, ndiyo. Lakini nimekaa mle masaa matano, na harufu yake mnaijua."

Riziki kizingitini, sahani mkononi, gari linapiga honi. Alimpa mmoja. Wawili mpaka leo hawamsalimii. Mimi namjua aliyepewa, na siwaambii ng'o, maana na nyie mtaanza kununiana humu ndani.

Ila ungekuwa wewe ndiye Riziki, ukoko ungempa nani?