Gego Lililowekwa Mbele ya Sultani

Hapo zamani, meno yalipokuwa yakiuma vilevile kama yaumavyo leo, paliondokea maskini mmoja jina lake Mshangama, mtu wa maneno mengi na mfuko mtupu. Alikuwa amemkopa Sultani Harithi ili amwoze binti yake, maana, kama wengi wetu, aliona afadhali deni kuliko aibu. Wageni wakala wali, wakaenda zao, deni likabaki. Basi wakaandikiana mbele ya kadhi ya kuwa kila Ijumaa Mshangama atalipa nusu riale, na akikosa Ijumaa moja tu atatiwa gerezani.

Ikawa Jumatano moja gego likamwanza. Kufika Alhamisi shavu limevimba hata jicho halionekani, na mkewe Mize akamsihi apunguze kelele, majirani wasije wakadhani mke ndiye anayempiga mume. Akaenda kwa kinyozi Vuai, kwani siku zile akunyoaye ndiye akung'oaye. Vuai akachungulia kinywani, akataka nusu riale. Mshangama alikuwa nayo, lakini ndiyo hiyo ya Ijumaa, nyingine hana. Akalia palepale kibarazani, mtu mzima na ndevu zake, kwa uchungu na kwa hofu ya gereza.

Basi akaenda kumwomba Sultani amsamehe Ijumaa moja. Sultani alikuwa akila halua, wala hakuiacha.

"Ewe Mshangama," akasema, "mpaka deni liishe, kila ulicho nacho ni changu, tangu unywele wa utosini hata ukucha wa mguuni. Hutatumia pesa moja bila ya idhini yangu."

"Hata jino, bwana wangu?"

"Hata jino."

Mshangama akashukuru sana, akatoka, akajilaza mlangoni pa baraza, akaanza kuugua kwa sauti ya ng'ombe anayezaa. Kesi zikasimama, mawaziri wakawa hawasikizani. Askari walipomwamuru aondoke, akawajibu kuwa jino si lake, amelileta kwa mwenyewe. Na kwa desturi ya mji ule, ukimshika punda wa mtu kwa deni, majani yake na dawa yake ni juu yako. Kadhi akaulizwa, akakohoa, akakiri kuwa ndivyo.

Sultani, kichwa kikimgonga, akaagiza Vuai aitwe, akamlipa kwa mkono wake mwenyewe. Vuai akamwekea Mshangama goti kifuani, akavuta, akavuta tena, gego likatoka na mizizi yake yote. Mshangama akatema damu, akalisuuza gego, akaliweka mbele ya Sultani kwa mikono miwili.

"Pokea mali yako, bwana wangu. Sasa na tuhesabiane."

"Tuhesabiane nini?"

"Mdai akichukua kitu cha mdaiwa, bei yake hukatwa katika deni. Muulize kadhi, jino katika sheria ni kiasi gani."

Kadhi akatazama dari. Aliijua bei hiyo, na hata wanafunzi wake waliijua: mtu akimtoa mwenziwe jino, fidia yake ni ngamia watano. Akaitamka kwa sauti ndogo. Na deni lote la Mshangama halikufika bei ya ngamia wawili.

"Basi nakudai ngamia watatu," akasema Mshangama, maneno yakimvuja penye pengo. "Lakini mimi sina roho mbaya, bwana wangu. Waweza kunilipa kidogo kidogo, kila Ijumaa."

Kila mtu barazani akamtazama Sultani usoni. Sultani akalitazama lile gego bovu, akamtazama kadhi, kisha akaangua kicheko hata kilemba kikamdondokea kwenye halua. Akauchana waraka wa deni, akampa ngamia mmoja, akamwomba kwa adabu aende zake kabla jino jingine halijaanza kuuma.

Mize alipomwona mumewe anarudi na pengo na ngamia, wala hakuuliza habari za jino. Aliuliza ngamia huyo atakula nini.