Chokaa Mkononi mwa Omwoyo

Mtu mmoja alikuwa na mstari. Shamba hakuwa nalo, ng'ombe hakuwa naye. Alikuwa na mstari mweupe wa chokaa kwenye uwanja wa nyasi wa klabu moja kongwe, huko kwenye mashamba ya chai. Jina lake Omwoyo. Miaka thelathini na mmoja aliuchora mstari huo kwa mkono usiotetemeka. Ukutani mwa klabu palikuwa na ubao wa mvule wenye majina ya mabingwa wote wa tenisi kwa herufi za dhahabu, tangu enzi za wakoloni. Na palikuwa na desturi: siku ya fainali, aliyeuchora mstari ndiye huketi kando yake na kusema mpira umeingia au umetoka; ukigusa chokaa, umeingia. Hata refa hambishii.

Omwoyo alikuwa pia na kijana mwenye digrii. First class, ndugu zangu! Mwaka wa nne sasa hana kazi, alikuwa akichomekea shati kila asubuhi na kwenda popote tu, mradi majirani wasimkute amekaa.

Mwaka huo fainali ya akina dada iliwakutanisha binti wa mwenyekiti wa klabu na Nasambu, mtoto wa mchuma chai, aliyejifunza mchezo kwa kuutwanga mpira kwenye ukuta wa ghala. Kabla ya mechi mwenyekiti alipita uwanjani, akasifu nyasi, kisha akauliza, "Yule kijana wako bado yupo yupo tu? Jumatatu aje ofisini na vyeti." Kuhusu mpira hakusema neno. Hakuwa na haja.

Nasambu alibakiza pointi moja ashinde. Akaupiga mpira, ukatua nyuma kabisa, juu ya mstari. Waliokaa mbali waliona vumbi. Omwoyo aliona chokaa.

"Auti!" akasema, na sauti yake akaisikia kama ya mtu mwingine.

Baada ya hapo Nasambu hakupata pointi tena. Kombe likaenda kulikopangwa. Nasambu alikwenda kwenye uzio nyuma ya kiti cha Omwoyo, akauokota mpira ule uliokuwa bado umelala pale, ubavu mmoja mweupe, akamwekea kiganjani.

"Mzee wangu, chokaa yako hii. Umeisahau."

Jumatatu kijana akapata kazi pale klabuni. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumsomea mchoraji jina la bingwa mpya, herufi kwa herufi, lisikosewe ubaoni. Akamwita baba yake aje aone. Omwoyo alifika mlangoni, akasimama na mikono mfukoni, ingawa alikuwa ameinawa kwa sabuni mara tatu. Ubao hakuweza kuutazama. Siku hizi mstari wake unapinda, na watu wanasema ni uzee.

Nawe uliyeketi ofisini leo, tai shingoni: mpira wa nani uliitwa auti ili wewe uingie?