Kamba ya Kisima na Mafundo Yake

Mnaicheka kamba yangu kwa mafundo yake. Chekeni tu, lakini nywesheni mbuzi kwanza, nami nitawaeleza.

Hapo kale maji ya ardhini hayakukaa mbali. Mwanamke aliinama na mtoto mgongoni, akachota kwa kibuyu, akaenda zake. Kamba ya kisima haikujulikana, na wala hakuna aliyeshukuru.

Upande huu wa kilima aliishi Malogo, mwenye ng'ombe wengi na majivuno kuwazidi ng'ombe. Binti yake Nyemo aliolewa upande wa pili, na alikuwa na mtoto mchanga. Mvua zikawa haba. Maji yakishuka, Malogo anachimba kisima chake. Yakishuka tena, anachimba zaidi. Majirani walimsihi apunguze mifugo.

"Kisima changu, jasho langu," akawajibu. "Nanyi chimbeni!"

Siku moja Nyemo akaja, midomo imepasuka, mtoto hana hata nguvu ya kulia.

"Baba, kwetu kumekauka, na maziwa yamenikauka. Ulipougua homa, ng'ombe wako wakapelekwa malisho ya mbali, kisima chetu kilipanda. Uliporudi kuchimba, kikashuka."

Malogo akakaa chini. Kumbe vile visima viwili vilikuwa midomo ya chungu kimoja, naye alikuwa akimnyang'anya mjukuu wake maji. Aliteremka kisimani mwenyewe, akakwangua tope, akapata kibuyu kimoja. Chote akampa Nyemo. Jioni ile ile ng'ombe wakaondolewa.

Kisha akaanza kungoja. Kila asubuhi alitumbukiza kamba yenye jiwe, na ilipogusa maji akaifunga kamba fundo pale ilipopita ukingoni mwa kisima. Asubuhi moja jiwe likalowa kabla fundo la jana halijafika ukingoni. Malogo alilia kwa furaha, akakimbia kilimani akipiga kelele, "Nyemo, yanapanda!"

Hayakurudi juu kama zamani, lakini yalitosha.

Na tangu siku hiyo maji hukaa chini, nasi huyafuata kwa kamba. Kila baada ya mavuno, watu wa pande zote mbili hulaza kamba zao pamoja. Fundo jipya likiwa mbali na jiwe kuliko la mwaka jana, ng'ombe huondoka bila mtu kuombwa.

Yule mtoto aliyekosa nguvu ya kulia alikua, akazeeka, akamlea bibi yangu. Kwa hiyo fundo likifika ukingoni na jiwe likilowa, semeni asante kabla ya kunywa.